Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo

Somo la kusomwa nyumbani, na katika mikutano ya wazee na ya akina mama

Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo limo katika nyumba nyingi, walakini wachache hulisema. Ni habari ya mtu anayetaka kupunguza uzito wa mwili wake, naye hawezi. Si kwa sababu hajui afanyeje, ila kwa sababu moyo wake ukishikwa na huzuni, au uchovu, au upweke, humpeleka jikoni. Wengi wamelicheka jambo hili. Wengine wameliita ulafi, wakaishia hapo. Sisi na tulitazame polepole, maana lina sababu zake. Na jambo lenye sababu laweza kupata dawa.

Tumweke mbele yetu mama mmoja, awe mfano wa wengi. Ni mjane, umri wake miaka 54. Watoto wake wamekwenda mjini kufanya kazi, naye amebaki peke yake katika nyumba iliyokuwa na watu 7. Alipokwenda hospitali kwa ajili ya maumivu ya magoti, mganga alimpima, akaona uzito wake ni kilo 90, na sukari ya damu imeanza kupanda, ingawa ugonjwa wenyewe haujamshika bado. Akamwambia, "Mama, yakupasa kupunguza uzito." Yule mama akarudi nyumbani na hofu kubwa, kwa maana dada yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo wa sukari.

Tangu siku ile akaanza kujinyima. Asubuhi hunywa chai tupu. Mchana hula ndizi moja ya kuchoma, au hali kitu. Hata ifikapo saa 2 ya usiku, jirani wamefunga milango na nyumba i kimya, ndipo aingiapo jikoni ili kufunika chungu. Na badala ya kufunika hufunua. Hula wali uliobaki, hali amesimama, kwa upawa, pasipo sahani, kisha mkate, kisha sukari kwa vidole. Hasikii utamu tena, walakini mkono haukomi. Mwisho huketi juu ya kigoda akalia. Kesho yake, kwa kujiadhibu, hali kitu mpaka jioni. Na jioni jambo lile lile hurudi.

Siku moja alimwendea mwalimu wa mtaa wake, akasema, "Mwalimu, nimeshindwa na chakula kama mtoto mdogo." Mwalimu akamjibu, "Mama, jikaze tu, ukizuie kinywa chako." Akaenda zake, wala hakulisema tena neno hilo kwa mtu. Mwalimu yule hakuwa na nia mbaya. Walakini alimpa fimbo mtu ambaye alikuwa akijipiga kila siku. Je, angalimwambia nini? Hilo ndilo somo letu.

I. Njaa ni mbili

Kwanza yatupasa kujua kwamba mwanadamu ana njaa mbili, nazo hazifanani.

Njaa ya tumbo huja polepole. Mtu aliyekula vema saa 1 asubuhi huanza kuisikia saa 5 au saa 6. Haichagui sana: ugali waifaa, viazi vyaifaa, maharagwe yaifaa. Tumbo likishiba, hukoma. Na mtu huondoka mezani pasipo majuto.

Njaa ya moyo huja ghafula, hata kama mtu amekula sasa hivi. Huja baada ya barua mbaya, au maneno makali, au usiku uliotulia mno. Hutaka kitu kimoja tu, nacho mara nyingi ni kitamu au chenye mafuta: mkate, maandazi, wali, sukari. Kushiba hakuizimi, kwa kuwa haikuwamo tumboni tangu mwanzo. Nayo huacha nyuma yake aibu.

Mtu atauliza, "Kama chakula hakiponyi huzuni, mbona tunakirudia?" Tuseme kweli: chakula hutuliza kidogo. Kitu kitamu hufurahisha ubongo kwa muda mfupi, na mtu mwenye uchungu husahau dakika chache. Ubongo hauisahau faraja ile. Mara ya kwanza ni bahati, mara ya kumi ni njia, mara ya mia ni barabara, na miguu yaifuata hata gizani. Basi anayekula hivi si mpumbavu. Amejifunza dawa ambayo hupoza kwa dakika 10 na kuumiza kwa siku nzima.

Tena barabara hii aghalabu hulimwa tangu utoto. Mganga mmoja mwanamke, jina lake Hilde Bruch, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1904 na kuhamia Marekani mwaka 1934, aliwachunguza kwa miaka mingi watoto na vijana wanene. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1973 alieleza kwamba mtoto hana budi kufundishwa kuijua njaa yake. Mtoto akilia kwa baridi akapewa chakula, akilia kwa usingizi akapewa chakula, akilia kwa hofu akapewa chakula, basi hukua asijue kutenganisha njaa na mambo mengine yanayomsumbua. Nasi je? Ni mara ngapi twamwambia mtoto aliyeanguka, "Nyamaza, chukua andazi"? Twafanya hivyo kwa upendo, walakini twamfundisha kwamba kila maumivu hutulizwa kwa kinywa.

II. Kwa nini kujinyima peke yake hakushindi

Yule mama alidhani kwamba ashindwa kwa sababu hajinyimi vya kutosha. Kweli yake ni kinyume: alishindwa jioni kwa sababu alijinyima mno mchana. Tutazame mambo mawili yaliyochunguzwa.

Mwaka 1944, vita vikuu vilipokuwa vikiendelea, mtaalamu Ancel Keys wa chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua jinsi ya kuwaponya watu waliodhoofika kwa njaa ya vita. Akachagua vijana wanaume 36 waliojitolea wenyewe, wote wazima wa mwili na wa akili. Kwa muda wa miezi 6 walipewa chakula kidogo, hata wakapungukiwa na karibu robo ya uzito wao. Na tazameni yaliyowapata! Vijana ambao zamani hawakujali sana habari za chakula, sasa hawakuwaza neno jingine. Walisoma vitabu vya upishi. Waliota ndoto za chakula. Wakawa wenye huzuni na hasira za upesi. Hata waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula kupita kiasi, wakasema bado hawajashiba. Watu hawa hawakuwa walafi. Njaa ya siku nyingi ndiyo iliyozifunga akili zao kwenye chakula. Itamfunga na mtu awaye yote.

Jambo la pili lilichapishwa mwaka 1975, huko huko Marekani. Wanawake wengine waliokuwa na desturi ya kujinyima walipewa kwanza kinywaji cha maziwa chenye sukari, wengine hawakupewa. Kisha wote wakaambiwa waonje aisikrimu, kila mtu kadiri apendavyo. Twangaliwaza kwamba waliokwisha kunywa maziwa yale wangalikula kidogo. Lakini sivyo: wale wenye desturi ya kujinyima walipokunywa walikula zaidi kuliko wenzao wa desturi ile ile ambao hawakunywa. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Mtu aliyejiwekea amri kali, akiivunja kidogo, hujiambia, "Siku ya leo imekwisha kuharibika, basi na nile, nitaanza tena kesho."

Sasa twaweza kuliona gurudumu lenyewe. Kujinyima kwaleta njaa. Njaa na uchovu vyaufanya moyo kuwa mwepesi kuhuzunika. Huzuni yampeleka mtu chunguni. Chungu chaleta aibu. Aibu yasema, "Kesho usile." Ndipo gurudumu lazunguka tena. Mwalimu alitaka kulisimamisha saa 2 ya usiku, pale lizungukapo kwa nguvu kuliko saa zote. Walakini mahali pa kulisimamisha ni asubuhi, wakati wa chai.

III. Njia ya kushika

1. Kula kwa wakati. Anayetaka kupunguza uzito na ale mara tatu kwa siku, akae chini, atumie sahani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine. Robo iwe ugali, au wali, au ndizi, au viazi. Robo iwe maharagwe, au samaki, au mayai, au nyama isiyo na mafuta mengi. Chai isiwe na sukari, wala soda isiwe kinywaji cha kila siku. Mtu aliyekula hivi mchana hufika jioni hali ana nguvu za kuchagua. Na anayetumia dawa za ugonjwa wa sukari, hasa insulini, asiache kula pasipo shauri la mganga, maana sukari ya damu yaweza kushuka ghafula, na jambo hilo ni la hatari.

2. Kusimama kidogo na kuuliza. Mkono ukienda kwenye kifuniko cha chungu, usimame mlangoni, unywe maji, ujiulize, "Nimekula saa ngapi? Je, kiazi kitupu chaweza kunitosha sasa?" Kama kiazi chatosha, ni njaa ya tumbo: pakua, keti, ule kwa amani. Kama kiazi hakitoshi, na moyo wataka mkate wenye sukari tu, ngoja dakika 10 na kuuliza neno la pili: "Leo nimepatwa na nini?" Taja jina lake: hasira, upweke, hofu, uchovu. Tamaa hii hupanda kama wimbi, na mara nyingi wimbi lisipolishwa hushuka lenyewe. Yafaa pia kuwa na daftari ndogo ya kuandika mambo matatu: saa, chakula, na hali ya moyo. Baada ya majuma mawili mtu ataona katika daftari yake njia aliyokuwa akiipita gizani.

3. Kuipa kila njaa kitu chake. Hapa ndipo penye shina la somo. Kumwondolea mtu faraja yake pasipo kumpa nyingine ni kumwacha mtupu. Mpweke hahitaji wali, ahitaji mtu. Basi saa 1 na nusu ya jioni na amtembelee jirani, au ampigie mtoto wake simu. Mwenye hasira na atembee barabarani mpaka pumzi itulie, kisha aseme na yule aliyemkosea. Mwenye huzuni ya msiba na alie mbele ya mtu amjuaye marehemu, wala asiambiwe kwamba siku za matanga zimekwisha. Mwenye mikono isiyo na kazi na ashone, au asuke ukili, maana mkono wenye kazi hausahau upesi ahadi yake.

Na aliyechoka na alale. Neno hili wengi hawalijui. Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya vijana wanaume 12 waliochunguzwa huko Chicago. Walipolala muda wa saa 4 tu kwa usiku mmoja, siku mbili mfululizo, ile homoni iamshayo njaa iliongezeka katika damu yao, na ile iletayo shibe ikapungua, kuliko walipopewa muda wa saa 10 kitandani. Nao wakatamani hasa vitu vitamu na vyakula vya wanga. Basi yuko mtu afikiriye kwamba ana njaa, kumbe ana usingizi.

4. Kuondoa kikwazo njiani. Mabaki ya chakula yasilale wazi jikoni. Baada ya kula, yafunikwe na kuwekwa mbali, au apewe jirani mwenye watoto. Sukari isikae mezani. Na kila kiliwacho kiliwe kwa kuketi. Mtu aliyesimama gizani na upawa hajui amekula kiasi gani. Aliyeketi mbele ya sahani ajua.

5. Kuteleza si kuanguka. Wahenga walisema hivyo, nao walisema kweli. Siku moja utateleza. Usijiadhibu kwa kukaa na njaa kesho yake, maana adhabu hiyo ndiyo mlango wa kuteleza tena. Mlo unaofuata na uwe kama kawaida, saa yake ile ile, kiasi chake kile kile. Siku moja ya kula kupita kiasi haiharibu mwezi. Kinachouharibu ni kukata tamaa.

Tena mtu asitake kupungua kwa haraka. Katika uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani, ambao habari zake zilitolewa mwaka 2002, watu zaidi ya 3000 waliokuwa karibu kupatwa na ugonjwa wa sukari walifuatwa kwa muda wa karibu miaka 3. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi, na kutembea dakika 150 kwa juma, shabaha yao ikiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Ugonjwa uliwapata kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale ambao hawakupewa mafundisho hayo wala dawa. Kwa yule mama wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Hakuambiwa awe mwembamba kama binti. Kilo 6, na nusu saa ya kutembea kwa siku 5 za juma: hiyo ni njia ambayo hata mwenye magoti mabovu aweza kuianza, polepole.

IV. Neno kwa walimu na kwa washarika wote

Jambo hili si la mtu mmoja mmoja tu, maana sisi sote twakula pamoja.

Tuuangalie ulimi wetu. Mtu akiingia kanisani, asipokewe kwa maneno, "Lo! Umenenepa," wala, "Mbona umekonda, u mgonjwa?" Maneno ya kwanza humpeleka chunguni kwa aibu; ya pili humrudisha kwa hofu. Tumwulize habari za nyumbani. Mwili wake ni wake.

Mwenyeji asimlazimishe mgeni. Ukarimu ni sifa yetu, wala hatutaki kuuacha. Walakini mgeni akisema, "Ahsante, mama, nimekula nikashiba, Mungu akubariki," neno hilo litoshe, wala lisihesabiwe kuwa dharau. Atakayemwongezea kwa nguvu hamheshimu.

Kufunga kusifanywe fimbo. Katika siku za Kwaresma wako wafungao, na ni desturi njema kwa mtu mwenye afya na moyo huru. Walakini yeye ambaye amefungwa katika gurudumu tulilolieleza asifunge ili kujiadhibu, wala mwalimu asimpe shauri hilo. Kwake, kujizuia kwa kweli ni kula chakula cha asubuhi.

Tena mwalimu asifanye haraka kukemea. Kumbukeni habari za nabii Eliya alipokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, amechoka, akitamani kufa. Hakukemewa kwanza. Alilala; akaamshwa, akapewa mkate na maji; akalala tena, akala tena. Baada ya hayo ndipo aliposemezwa. Aliyemhudumia alijua kutenganisha njaa, na uchovu, na huzuni, akaipa kila moja kitu chake kwa zamu.

Mwisho, tujue mpaka wa kazi yetu. Tangu mwaka 2013 kitabu cha waganga wa akili wa Marekani chauhesabu ugonjwa wa kula kupita kiasi kuwa ugonjwa wenye jina lake. Dalili zake ni kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, hali mtu hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa juma kwa muda wa miezi 3, tena kwa siri na kwa uchungu. Ugonjwa huu una matibabu, na mengi yake ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Mtu akiwa hivi, au akijitapisha baada ya kula, au akimeza dawa za kuharisha ili apungue, au akisema kwamba hana haja ya kuishi, asiachwe na shauri la jirani tu. Apelekwe hospitali, na mmoja wetu afuatane naye. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi turudi kwa yule mama. Tuseme mwalimu amelisoma somo hili, naye amwendea nyumbani kwake. Amwulize nini? Asimwulize, "Mama, umepunguza kilo ngapi?" maana mizani anayo mganga. Amwulize, "Mama, asubuhi ya leo ulikula nini? Na jioni zako zi hali gani?" Kisha anyamaze, amsikilize mpaka mwisho. Na akiondoka, asiondoke pasipo kupatana naye siku ya kurudi, au kumtafutia mama mwenzake wa kutembea naye jioni, saa ile ambayo nyumba huanza kuwa kimya.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Njaa ya tumbo na njaa ya moyo zatofautianaje? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Kwa nini yule mama alishindwa jioni, ingawa alijitahidi mchana kutwa?
3. Mtoto akilia nyumbani mwako, wampa nini kwanza? Utajuaje alichokililia?
4. Katika mtaa wetu, ni nani aliye peke yake saa 2 ya usiku? Nani atamtembelea juma hili?